Mwalimu wa Wahandisi Hanunuliwi Dukani



Kila mwaka yatokapo majibu ya mtihani, wazee wa mtaani hutujia na furaha zao wakatuambia, "Maalim, kijana ameitwa chuo kikuu, atasoma uhandisi." Nasi hufurahi pamoja nao, kwani wengi katika vijana hao tuliwafunza alifu na bee kwa mkono wetu. Mzazi huuliza karo ni kiasi gani, na kijana atalala wapi, na akimaliza ataajiriwa wapi. Hatujamsikia bado aulizaye, "Na huko aendako, nani atakayemsomesha?" Waama hili ndilo lililostahiki kuulizwa mwanzo.

Wakongwe wa Mombasa wanaikumbuka MIOME, skuli ya ufundi iliyojengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate kujifunza kazi za mikono na mitambo. Ilisimama mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa fedha za Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja, na za Aga Khan, na za jamaa zetu Mabohora, na za serikali ya Kiingereza. Mwaka 1966 ikageuzwa jina ikawa Mombasa Technical Institute, ikafunguliwa kwa kila mtu; mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic; mwaka 2007 ikapandishwa ikawa chuo kishiriki; na mwaka 2013 ikapata hati ya chuo kikuu kamili. Jina hubadilishwa kwa siku moja, kwa hotuba na kwa kibao kipya mlangoni. Ama mwalimu habadiliki kwa siku moja. Fundi hodari wa kufundisha mashine ya kukereza chuma alitosha kabisa katika skuli ya ufundi, tena pengine alikuwa bora kuliko wengi wa leo. Lakini chuo kikuu humtaka mwenye shahada ya uzamivu.

Na tuhisabu pamoja. Shahada ya kwanza ya uhandisi katika Kenya ni miaka 5. Uzamili ni miaka 2, na uzamivu haupungui miaka 3. Hiyo ni miaka 10, bila ya kuhisabu mwaka wa kungoja fedha na mwaka wa kungoja msimamizi. Kijana aliyeingia na miaka 19 atafika 30 na zaidi kabla hajaitwa mhadhiri, na wenzake aliosoma nao wana nyumba na magari. Kwa hivyo chuo kinachofungua somo kwanza kisha kikaenda kutafuta walimu, hakiwapati. Hupata watu wa muda, asubuhi wako huku na jioni wako kule, hata majina ya wanafunzi hawayajui.

Waliokwenda kwa mpango wako. Misri, mwaka 1826, Muhammad Ali Pasha alipeleka vijana 44 Paris, na mwaka 1834 ikafunguliwa skuli ya uhandisi pale Bulaq. Waliorudi na elimu waliwekwa kuwa walimu, na wengine wakafasiri vitabu ili mwanafunzi asome kwa Kiarabu. Katika waliosoma Bulaq alikuwamo Mahmud, aliyekuja kuitwa al-Falaki kwa ujuzi wake wa nyota. Alifanywa mwalimu pale pale aliposomea; kisha mwaka 1850 akapelekwa Paris, asirudi ila mwaka 1859. Miaka 9, na nchi ikamngoja! Sisi twamlaumu kijana akikawia miaka minne.

Na mpango huu si mgeni kwetu sisi watu wa vyuo vya Kurani. Mwenye chuo humtazama mtoto aliye mwepesi, akamfanya halifa, akampa wadogo awasikilize. Akikosea humrekebisha faraghani, si mbele yao. Baada ya miaka huyo ndiye maalim. Chuo kikuu nacho kinapomshika mwanafunzi wake aliyefaulu vyema, kikamweka mwalimu msaidizi chini ya mkubwa wake, kinafanya jambo hilo hilo. Tofauti ni kwamba halifa hula kwa mwalimu wake, na mwalimu msaidizi ana kodi ya nyumba.

Katika tuliowafunza yuko mmoja aliyeshikwa hivyo katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, idara ya umeme. Ana uzamili, na uzamivu ameuanza. Amebebeshwa masomo mengi hata hana saa ya utafiti wake, na mshahara huchelewa. Kampuni moja ya Ghuba ikamwita. Mamake alitujia akasema, "Maalim, mwambie aende, hapa anapoteza umri." Hatukumwambia aende wala asiende. Kumtaka abaki njaa kwa ajili ya watoto wa watu ni dhulma. Na akienda, wale vijana 60 wa darasa lake watasomeshwa na nani? Tulimuuliza yeye atakalo. Akasema, "Ningepata miaka mitatu ya kusoma bila ya kuhangaikia kodi, nisingetoka."

Mji huu una nyumba za wakfu. Mababu waliwekea wakfu visima, misikiti na walimu. Madrasa ya Mustansiriyya ya Baghdad, iliyofunguliwa katika karne ya 13, wakfu wake uliwalisha walimu wa fiqhi, na tiba pia ilisomeshwa humo. Bila ya shaka wakfu una masharti ya mwenye kuuweka, wala hatusemi nyumba iliyowekewa msikiti ichukuliwe; tunasema anayetaka kuweka mpya leo, na asifikirie matofali tu. Fungu la kodi likimlinda mwalimu mmoja wa uhandisi miaka 3, kwa mapatano yaliyoandikwa kwamba akimaliza atasomesha miaka kadha wa kadha, ni fedha ndogo kuliko mnara.

Tumelipeleka neno hili kwa wazee watano. Wawili wamekubali, mmoja amecheka, na wawili wameomba wawaulize wanachuoni kwanza. Kijana ameiandikia kampuni impe muda mpaka mwisho wa Shaabani.