Nyimbo Zilizochelewa Kusikilizwa



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya muziki usioimbwa kanisani. Wenyewe huuita pawa popu. Tumeufahamu tukiwa tumekwisha pita miaka arobaini, tena kwa njia inayotutia aibu, na aibu hiyo ndiyo inayotusukuma kuandika.

Mpiga gitaa mmoja wa kwaya yetu alirekodi nyimbo 6 alizozitunga mwenyewe. Jumatatu ya Pasaka alitukabidhi flashi, akasema, "Baba, ukipata nafasi usikilize, halafu unionyeshe makosa." Tuliiweka katika mtoto wa meza, nayo ikakaa humo hadi Oktoba. Aliporudi hakuiulizia kamwe. Alikuja kutuaga, kwa kuwa alikuwa anaacha muziki, na gitaa lake lilikwisha kupata mnunuzi. Tukamwambia maneno ambayo sisi mapadre huwa nayo tayari mdomoni, kwamba Mungu huiona kazi inayofanyika sirini. Akajibu kwa heshima, "Ni kweli, Baba. Ila mtu naye akisikia, si vibaya." Akatuachia karatasi yenye majina ya nyimbo chache zilizomfundisha kutunga, akaenda zake.

Usiku ule tulizitafuta nyimbo zile. Kwa kuwa wengi wenu ni wageni katika muziki huu kama tulivyokuwa sisi, tutawaongoza kwa mpangilio wa karatasi yake.

Jina lenyewe lilitumiwa na Pete Townshend wa bendi ya The Who huko Uingereza, mwaka 1967, alipokuwa akieleza muziki wa bendi yake. Lina maana ya utamu na nguvu kuwekwa pamoja. Magitaa hupigwa kwa kishindo kama katika muziki wa roki, lakini juu yake hupanda sauti laini zilizopangwa kwa ustadi, na kiitikio huganda kichwani tangu mara ya kwanza. Wimbo mara nyingi huwa wa dakika 3 tu. Mwanakwaya anaweza kuanza kwa kufuata sauti ya kwanza, kisha aitafute ya pili chini yake, na mwishoni asikilize gitaa linawajibu vipi waimbaji.

Wimbo wa kwanza katika karatasi ni "No Matter What" wa Badfinger, wa mwaka 1970. Mtunzi wake, Pete Ham, alikuwa mtu wa Wales. Wengi wenu mmekwisha kusikia kazi yake bila kujua, kwa maana yeye na mwenzake Tom Evans ndio waliotunga "Without You", wimbo ambao Mariah Carey aliuimba upya ukavuma mwaka 1994. Ham hakuyaona hayo. Alijiondoa uhai mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 27, akiwa amebanwa na matatizo makubwa ya fedha ndani ya bendi. Tulipousikiliza tena wimbo ule wenye furaha hali tukilijua hilo, tulinyamaza kwa muda.

Wa pili ni "Go All the Way" wa Raspberries, vijana wa Cleveland huko Marekani, wa mwaka 1972. Maneno yake ni ya tamaa ya ujana, wala hatuwapendekezei watoto wenu. Hata hivyo sikilizeni jinsi gitaa linavyofungua kwa ukali, kisha ghafla sauti zikawa laini kama za kwaya. Anayetaka kuielewa pawa popu kwa haraka, hapo atauona muundo wake wote. Kisha unafuata "Surrender" wa Cheap Trick, wa mwaka 1978, unaowatazama wazazi kwa macho ya kijana anayegundua kwamba nao walikuwa vijana. Tulicheka peke yetu sebuleni.

Nyimbo mbili za mwisho ni za bendi ya Big Star ya Memphis, nazo ndizo zilizotushika. Jina la bendi walilichukua kwa duka la vyakula. Mwaka 1972 walitoa albamu yao ya kwanza wakaiita #1 Record, kana kwamba ushindi umekwisha patikana. Mmoja wao, Alex Chilton, aliwahi kuimba "The Letter" akiwa na kundi la Box Tops, ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1967, naye akiwa na miaka 16. Wahakiki waliisifu albamu hiyo, lakini usambazaji ulikwama. Aliyesoma sifa zake akaenda dukani, mara nyingi hakuikuta. Mwenzake, Chris Bell, alivunjika moyo akaondoka kundini mwaka uleule.

Ndani ya albamu hiyo mna "Try Again", wimbo wa Bell wa taratibu usio na kishindo cha nyimbo nyingine. Ni sala ya mtu aliyeanguka anayetaka kuanza upya. Bell alifariki kwa ajali ya gari tarehe 27 Desemba 1978, akiwa na miaka 27. Albamu yake mwenyewe, I Am the Cosmos, ilitoka mwaka 1992. Wimbo wa mwisho ni "September Gurls", ambao Big Star waliutoa mwaka 1974 bila Bell. Kundi la Bangles liliuimba upya mwaka 1986, na wanamuziki wengi wakaja kukiri kwamba walijifunza kwa bendi ile. Masikio yalifika, ila yalichelewa.

Hapo tukafungua mtoto wa meza. Wapendwa, nyimbo za kijana wetu si kamilifu. Wa 2 ni mrefu mno. Lakini wa 4 una kiitikio ambacho hata sasa tunapoandika kinatuzunguka kichwani, na mahali fulani sauti ya tatu inashuka peke yake, nasi tukatambua mara moja alikojifunza hilo.

Asubuhi baada ya Misa tulimwendea nyumbani. Tulimwomba radhi kwanza, kisha tukamweleza wimbo baada ya wimbo, pamoja na makosa, kama alivyoomba. Alichukua kalamu akaandika. Gitaa liliuzwa Jumamosi ile ile, kwa maana fedha ilihitajika kweli, nasi hatukuwa na la kufanya. Siku hizi huazima la parokia jioni za Alhamisi. Kama ataendelea, hatujui.

Tunajua tu kwamba kati ya Pasaka na Oktoba alikuwa akingoja neno moja kutoka kwetu, nasi tulimpa Mungu kazi ambayo Mungu alikuwa ametupa sisi. Ikiwa nyumbani mwako kuna daftari, picha au wimbo wa mtu uliyeahidi kuutazama, usingoje Dominika ijayo.

Tunawatakia juma lenye baraka.