Njia Tatu, Mtoto Mmoja



Kuna karatasi moja ambayo wengi wetu twaiona kuwa ni baina ya mwalimu na mtoto, nasi hatuna letu ila kuitia sahihi. Karatasi hiyo ni ile ya masomo anayoyachagua mtoto wa Gredi ya Tisa kabla hajaingia sekondari ya juu. Nakuomba leo tukae kitako, wewe nami, tuitazame vizuri, maana ndani yake mna miaka mitatu ya mwanao, na huenda mna zaidi ya hiyo mitatu.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika mpango wa 8-4-4, ulioanza hapa Kenya mwaka 1985, mtoto aliingia Kidato cha Kwanza akasoma masomo mengi kwa pamoja. Kupunguza kulikuja baadaye, akiwa amekwisha kuonja kila chungu na kujua kipi kina chumvi na kipi hakina. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Watoto waliotangulia katika mpango mpya walifika Gredi ya Tisa mwaka 2025, wakafanya mtihani wao mwishoni mwa mwaka huo, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya Kumi. Hao walitakiwa kuchagua kabla ya kuufanya mtihani wenyewe, wengi wao wakiwa na miaka 14 au 15. Na wanaowafuata nyuma, kila mwaka, watakutana na karatasi ile ile.

Njia zilizowekwa ni tatu. Ya kwanza ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ya pili ni ya sayansi za jamii, na humo mna lugha, historia, jiografia, biashara na dini. Ya tatu ni ya sanaa na michezo. Kila mtoto, awe katika njia yoyote, atasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na somo la huduma kwa jamii. Juu ya hayo atachagua masomo matatu yanayokwenda na njia yake. Hisabati hapo awali ilikusudiwa isiwe lazima kwa wasiochukua sayansi. Watu wakalalamika, na mwaka 2025 serikali ikaamua kila mtoto aisome: wa sayansi ile nzito, na wengine ile nyepesi kidogo.

Yafaa pia ujue kwamba nafasi ya mtoto haitokani na mtihani wa siku chache tu. Mtihani wa Gredi ya Tisa huhesabiwa asilimia 60. Asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya Sita, na 20 nyingine katika kazi alizopimwa shuleni Gredi ya Saba na ya Nane. Basi mzazi anayeamka Gredi ya Tisa ameikuta safari imeshafika nusu.

Sasa nitakupa mfano wa nyumbani kwetu. Dada yangu ana binti aliyekuwa katika hilo kundi la kwanza. Mama mtu, tangu mtoto yuko Gredi ya Nne, alikuwa akimwita daktari mbele ya wageni. Baba yake, ambaye ni shemeji yangu na ni mtu mpole mwenye kazi yake bandarini, hakutaka kusikia habari ya udaktari. Yeye alikwisha kuamua: mtoto atasoma Historia, Biashara na Dini ya Kiislamu, katika shule ya karibu, ende asubuhi arudi jioni. Wawili hao wakashindana wiki nzima, hata chakula kikawa hakishuki. Ndipo nikaitwa mimi, mjomba, niende nikaamue.

Nilipofika, nilimsikiliza kila mmoja, kisha nikamwuliza shemeji, "Je, mwenyewe mmemwuliza?" Akanitazama. "Mtoto ajua nini, bwana?" Nikasema, "Tumwite tusikie."

Mtoto akaja na daftari. Kumbe yeye alikwisha kuifanya kazi ambayo sisi wazee hatukuifanya. Watoto walitakiwa kuandika majina ya shule 12, miongoni mwake zikiwamo tatu za kutwa za karibu na nyumbani. Yeye alikuwa ameziorodhesha zote, na mbele ya kila shule ameandika masomo yanayosomeshwa pale. Nikamwuliza, "Haya mwanangu, wewe wataka nini?" Akasema, "Mjomba, nataka Kemia, Bayolojia na Sayansi Kimu. Si kwa sababu ya udaktari. Nataka kujua chakula chafanya nini mwilini. Bibi ana sukari, na kila anayeingia humu ndani amwambia lake. Huyu asema ale muhogo, yule asema asiuguse. Nataka mtu mmoja humu ndani ajue."

Mama mtu akainama. Baba mtu naye akanyamaza kwa muda, kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Mimi sikuikataa Kemia. Mimi nakataa bweni."

Tazama, msomaji wangu, jinsi mambo mawili yalivyokuwa yamefungwa kamba moja. Watu waligombana wiki nzima juu ya somo, na ugomvi wenyewe haukuwa wa somo. Ulikuwa ni khofu ya baba juu ya binti yake kulala mbali. Khofu hiyo si ya kuchekwa, kila mwenye binti aijua. Lakini khofu ya bweni dawa yake ni kutafuta shule ya kutwa. Kumnyima mtoto Kemia si dawa yake.

Basi shemeji akaomba ruhusa kazini siku mbili, akazizungukia shule za kutwa zilizokuwa katika lile daftari. Ya kwanza ilikuwa na Kemia katika orodha yake, lakini alipoomba kuiona maabara, akafunguliwa chumba kilichojaa madawati mabovu. Mwalimu wa somo hilo hakuwapo, ikasemwa anatarajiwa. Ya pili ilikuwa ndogo na haina jina mjini, lakini maabara yake ilikuwa na meza, na mifereji ikifunguliwa yatoka maji, na mwalimu yumo ndani anasomesha. Hiyo ndiyo aliyoitanguliza katika zile tatu, na huko ndiko mtoto aliko hivi sasa. Hupanda matatu alfajiri, na jioni yuko kwao. Kemia ni ngumu na yamtoa jasho, wala sitakudanganya kwamba mwisho wake nimeuona. Lakini analitoa jasho hilo kwa jambo alilolitaka mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hachoki upesi.

Katika kisa hiki nimejifunza mambo ambayo ningependa nawe uyachukue.

Jambo la kwanza, tusimchagulie mtoto kwa ajili ya jina. Imeenea katika mabaraza yetu kwamba sayansi ni ya wenye akili, lugha ni ya waliobaki, na michezo ni ya walioshindikana. Haya ni maneno ya kuvunja watoto. Mwenye kipawa cha Kiarabu au cha fasihi ya Kiswahili, ukimsukuma kwenye Fizikia ili upate la kusema mbele ya jirani, utakuwa umeununua ufahari wako kwa miaka mitatu ya maisha yake. Pwani hii imejengwa na mafundi na mabaharia, na imejengwa pia na washairi na wanavyuoni. Wote tumewahitaji.

Jambo la pili ni hili la dini, kwa kuwa najua linawatia watu wengi wasiwasi. Katika Gredi ya Saba hadi ya Tisa mtoto husoma dini shuleni bila ya kuuliza. Katika Gredi ya Kumi somo la Dini ya Kiislamu, na la Kiarabu pia, huwa katika yale ya kuchagua, ndani ya njia ya sayansi za jamii. Wako wazazi wanaodhani kwamba mtoto akichukua sayansi ameiacha dini. La, sivyo. Dini ya mtoto haikutegemea kipindi cha shule tangu mwanzo. Msingi wake ni nyumba na chuo. Mtoto akisoma Fizikia mchana na akakuta nyumbani watu wanasali na wanasema kweli, hakupotea. Na akisoma somo la dini shuleni akapata alama zote, na nyumbani akakuta urongo na matusi, alama hizo hazitamsaidia kitu. Anayelichukua somo la dini na alichukue kwa kuwa alipenda na ana kipawa nalo. Asilichukue kwa sababu wazazi wake wamechoka kusomesha.

Wala elimu ya ufundi si ngeni kwetu. Hapa hapa Mombasa palikuwa na chuo cha ufundi cha Waislamu, ambacho wazee walikijua kwa jina la MIOME, kilichoanza kusomesha mwaka 1951. Vijana wa Kiislamu walikuja kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, wakajifunza kazi za ufundi. Chuo hicho ndicho kilichokua kikageuka, hata leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wale hawakuona kwamba nyundo na dini hazikai nyumba moja. Na katika masomo ya sasa ya sekondari ya juu mna umeme, ujenzi, useremala, na hata teknolojia ya bahari na uvuvi. Watoto wetu wamezaliwa na harufu ya bahari puani. Je, tumewahi hata kuwaambia kwamba somo hilo lipo?

Jambo la tatu ni kuona kwa macho. Si kila shule ina kila somo, na somo kuwa katika orodha si hoja kwamba lina mwalimu. Usione haya kuuliza. Uliza: nani analisomesha somo hili? Maabara iko wapi? Waliotangulia walilisoma wangapi? Ukinunua kitanda huketi juu yake kwanza ukasikia kama chalia. Mtoto ni zaidi ya kitanda.

Na la mwisho, ndilo kubwa kuliko yote, ni mashauri. Kumwuliza mtoto si kumpa usukani autupe baharini. Mtoto ajua apendalo, lakini hajui njia inaishia wapi. Mzazi ameziona njia zinakoishia, lakini hajui moyoni mwa mwanawe mna nini. Kila mmoja ana nusu ya habari, na wakikaa pamoja ndipo habari hutimia. Mtoto akisema ataka somo fulani kwa kuwa rafiki yake amelichagua, mwambie kwa upole kwamba rafiki huhama mtaa. Akiwa na sababu yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo, iheshimu, kwa kuwa sababu hiyo ndiyo itakayomwamsha usiku wa mtihani, si sababu yako.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mtoto wa Gredi ya Nane au ya Tisa, usingoje karatasi ije ndipo uitafute kalamu. Jioni moja, baada ya chakula, zima televisheni, mkalishe karibu yako, umwulize: "Mwanangu, wewe wataka nini, na kwa nini?" Kisha nyamaza. Wengi wetu kuuliza twaweza, ila kule kunyamaza tusikilize jawabu ndiko kunakotushinda.