Ufito na Mshipi Mwembamba

Msomaji wangu, huenda siku moja ukafika Ziwa Naivasha kumvua besi, samaki wa asili ya Amerika ya Kaskazini aliyetiwa ziwani humo mwaka 1929. Usidhani kuwa ufito mgumu ndio bora. Mimi nilidhani hivyo. Nilifunga mshipi mwembamba, wa kuhimili kilo 3 tu, katika ufito wa kuvulia samaki wakubwa wa baharini. Besi alipomeza chambo nilivuta kwa nguvu. Ufito haukupinda, mshipi ukakatika. Samaki alikwenda zake na ndoana mdomoni, na jambo hilo hunisumbua hata leo kuliko hasara ya kitoweo.

Chagua, basi, ufito wa meta 2 hivi, wenye ncha laini na shina imara. Ncha hukuarifu mguso mdogo kabisa. Ufito ukipinda, huupunguzia mshipi mshtuko. Ndoana iwe nyembamba na kali, kwa kuwa ndoana nene hutaka mvuto ambao mshipi huo hauwezi. Chubwi liwe dogo, chambo kishuke polepole kando ya mafunjo anamojificha besi. Gurudumu la mshipi usilikaze sana. Kabla ya kutupa, uvute mshipi kwa mkono: ukitoka pasipo kukwama, tupa.