Mabati 30 ya upande mmoja

Fundi alifika asubuhi, akatazama rundo la mabati, akatazama kenchi. "Kaka, mengine yako wapi?"

Hakukuwa na mengine. Mume alikuwa amepiga hesabu peke yake: nyumba yao, pembezoni mwa mji wa Morogoro, ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita 80 za mraba. Bati la mita 3 lina upana wa sentimita 90. Akagawanya, akapata 30, akanunua kwa mkopo wa kikundi cha mkewe.

"Umehesabia sakafu," fundi alisema, akachora mchangani. Paa hutokeza nje ya ukuta, tuseme sentimita 60 kila upande, kwa hiyo urefu wake ni mita 11.2. Kenchi imenyanyuka mita 2 katikati. Kutoka juu kwenye kofia hadi ukingoni, mteremko ni mita 5. Tena mabati hupandiana, hivyo lile la sentimita 90 hufunika kama 75 tu. Safu 15, kila safu mabati mawili. Ni 30, kwa upande mmoja.

Mke, ambaye ni fundi cherehani, alisikiliza hadi mwisho. "Nikikata sketi ya marinda sipimi kiuno tu," alisema. "Ungeniuliza, baba watoto."

Mume akaamua uanze upande wa barabarani, wa sebule. Vyumba vya kulala vikawekewa turubai, na kwa kuwa kodi ya walikopanga ilikuwa imekwisha, wakahamia hivyo hivyo.

Masika ilipoanza, kuta zikaota ukungu. Mtoto wao wa pili ana pumu, na ukungu na unyevu ni vitu vinavyoamsha kifua cha namna hiyo. Wazazi wengi hulipia dawa miezi mingi bila kutazama ukuta alikolala mtoto. Wakawa wanalala wote wanne sebuleni. Hata hivyo, mara mbili alikimbizwa zahanati kabla ya alfajiri.

Mabati mengine 30 yalinunuliwa Juni, kwa fedha ya sare za shule ambazo mke alizishona usiku.

Mwezi uliopita jirani alikuja kuuliza mabati mangapi yatamtosha. Mume akachukua kalamu, akaiweka chini, kisha akaita kuelekea ndani: "Mama watoto, njoo na futi yako."