Wimbo na Kazi

Wimbo na kazi ni ndugu wa siku nyingi. Hapana ajuaye ni yupi aliyetangulia kuzaliwa, walakini po pote mtu alipotumia mikono yake hapakukosa sauti ya kumsaidia. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki undugu huu ulipewa majina. Nyimbo za wakulima ziliitwa wawe, za mabaharia ziliitwa kimai, na wimbo wo wote wa kazi uliweza kuitwa hodiya. Wanawake wawili walipotwanga mpunga katika kinu kimoja, mchi wa mmoja ulipanda wakati wa mwenziwe uliposhuka, na wimbo ndio uliozuia michi isigongane. Watu walipopigilia dari ya chokaa katika miji ya mawe, safu nzima iliinua mikono pamoja na kuishusha pamoja. Mwaka 1896 mwanachuoni wa Kijerumani, Karl Bücher, alitoa kitabu kizima juu ya kazi na mapigo yake, akatetea ya kwamba ushairi na muziki vilichipuka katika mapigo hayo. Katika kazi za namna hii wimbo haukuwa pambo. Ulikuwa chombo cha kazi kama jembe na kasia.

Viwanda vilipokuja, mashine zilichukua nafasi ya mapigo ya mikono, na kelele zake zikafunika sauti za watu. Wimbo haukufa, ila ulibadili mahali pa kutoka. Tarehe 23 Juni, 1940, wakati wa vita, redio ya BBC huko Uingereza ilianza kipindi cha muziki kwa wafanyakazi wa viwandani, na kipindi hicho kiliendelea hata mwaka 1967. Muziki wake ulichaguliwa kwa uangalifu. Ulitakiwa uwe mchangamfu, mwepesi kutambulika, na wenye mwendo usioyumba. Wimbo mmoja wa Marekani, "Deep in the Heart of Texas", ulizuiwa katika kipindi hicho kwa kuwa mwitikio wake unadai makofi, ikahofiwa kwamba wafanyakazi wangeacha kazi ili wapige makofi, au wangegonga mashine kwa zana walizoshika. Hapo yaonekana badiliko kubwa. Zamani mfanyakazi aliimba. Sasa aliimbiwa, na tena ilihofiwa asije akaitikia.

Siku hizi iko kazi ambayo haina mchi wala kasia wala gurudumu. Mtu huketi mbele ya kompyuta akatunga programu, yaani maagizo ambayo mashine itayafuata neno kwa neno. Vidole vyake vyaenda, lakini si vidole vifanyavyo kazi. Kazi i katika akili, nayo haina pigo ambalo mwingine aweza kulisikia. Mtunzi mmoja wa programu mjini Dar es Salaam alikuwa na desturi ya kufanya kazi hiyo usiku nyumbani kwake, hedifoni masikioni tangu mwanzo hata mwisho. Alipenda rumba la Kongo, na alikuwa na hoja ya kulitetea. Alisema ya kwamba nyimbo za Kiswahili humwibia mawazo kwa sababu ayafahamu maneno yake, bali Kilingala hakijui, kwa hiyo sauti ya mwimbaji kwake ni sawa na sauti ya gitaa. Rafiki zake waliiona hoja hiyo kuwa nzuri, na wengine waliifuata.

Katika siku hizo mama yake alikuja kutoka Pangani kumtazama. Usiku wa kwanza alimwona mwanawe akitikisa kichwa mbele ya mwanga wa kompyuta, kinywa kimefumbwa. Alimgusa bega.

"Mwanangu, wasikiliza nini?"

"Nyimbo, mama. Zanisaidia kufanya kazi."

"Hata sisi tulitwanga kwa nyimbo," alisema mama. "Lakini huo wako, waimba wewe au waimbiwa?"

Mwana alicheka, akajibu ya kuwa aimbiwa. Mama hakusema zaidi. Alikwenda kulala, na swali likabaki pale pale mezani.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Programu ilitakiwa ikadirie malipo ya kila mwezi ya kila mwanachama aliyekopa. Maagizo yalikuwa marefu, yameandikwa kwa kurasa nyingi, na kijana aliyafuata hatua kwa hatua kwa muda wa siku tatu. Kila hatua aliijaribu, na kila jaribio lilitoa jibu lililotakiwa. Usiku wa tatu hedifoni zikaishiwa chaji. Muziki ulikatika katikati ya wimbo, na nyumba ikawa kimya, ila mvua juu ya bati na pumzi za mama aliyelala chumba cha pili. Kijana aliona uvivu wa kuinuka kutafuta waya. Akaanza kuyasoma upya maagizo kwa macho matupu.

Ndipo alipoona jambo ambalo siku tatu lilikuwa mbele yake. Ukurasa mmoja uliagiza ada ya huduma ikatwe katika fedha za mkopo kabla mwanachama hajapewa. Ukurasa mwingine, mbali na huo, uliagiza ada ile ile iongezwe katika deni kabla ya kugawanywa kwa miezi. Kila mkopaji angelipa mara mbili kitu kimoja. Alikuwa amezitunga hatua zote mbili kwa ufundi, wala hapakuwa na kosa katika hata moja. Programu ilikuwa sahihi, lakini haikuwa ya haki. Asubuhi alipoyapeleka maneno haya kwa wenye chama, ilionekana kwamba kurasa zile mbili ziliandikwa na watu wawili, na hakuna aliyekusudia dhuluma. Maagizo yalisahihishwa kabla ya senti moja kupotea. Walakini kijana alijua jinsi jambo lile lilivyokuwa karibu kumpita, na ya kuwa watu ambao wangelipa kwa usingizi wake hawajui hata maana ya neno programu.

Habari iliyo karibu na hiyo imesimuliwa na Tom DeMarco na Timothy Lister katika kitabu chao, Peopleware, cha mwaka 1987. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipewa kazi moja ya kutunga programu, wengine katika chumba cha kimya na wengine wakisikiliza muziki. Kwa wepesi na kwa usahihi makundi mawili yalikuwa karibu sawa. Lakini kazi ile ilikuwa na siri. Hatua zake zote nyingi, zikijumlishwa, ziliirudisha kila namba kama ilivyokuwa. Baadhi ya wanafunzi waliitambua siri hiyo, na wengi wa waliotambua walitoka katika chumba cha kimya. Muziki haukuwazuia wengine kufuata njia. Yamkini uliwazuia kuuliza njia yaenda wapi.

Hoja ya Kilingala nayo haikusimama. Mwaka 1976 wataalamu Colle na Welsh waliwajaribu watu kukumbuka mambo waliyoonyeshwa kwa macho, huku wakisikia maneno ya Kijerumani ambayo hawakuyafahamu. Kumbukumbu ilipungua. Baadaye Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha ya kwamba sauti ya mwimbaji husumbua kumbukumbu ya namna hiyo kuliko muziki wa vyombo vitupu. Sikio humfungulia mlango msemaji kabla akili haijauliza ni mgeni wa lugha gani.

Hata hivyo itakuwa dhuluma nyingine kuuhukumu muziki kwa ushahidi wa upande mmoja. Mwaka 2005 mtafiti Teresa Lesiuk alitangaza uchunguzi wake juu ya watunzi wa programu 56 katika makampuni manne ya Kanada. Muziki ulipoondolewa, furaha yao ilipungua, ubora wa kazi ulishuka, na kazi ilichukua muda mrefu zaidi. Jambo hili si ajabu. Mtu si akili tupu. Ana moyo unaochoka, unaochukia upweke, na unaohitaji kubembelezwa ili ukae kitini. Aliyenyimwa wimbo aweza kupoteza kwa uchovu kile ambacho mwenziwe alikipoteza kwa raha.

Basi kijana hakuzitupa hedifoni zake. Alizipa zamu. Mwanzo wa kazi, wakati wa kuuliza nini chatakiwa na kwa nini, huziweka mbali. Katikati, njia ikiisha kujulikana na kilichobaki ni kuitembea, huvaa na rumba hupigwa. Mwisho, wakati wa kuyapima yaliyotungwa, huzivua tena. Mara nyingine katika kimya hicho hujikuta akivuma kwa sauti ndogo, bila maneno, na uvumi huo hukoma wenyewe afikapo mahali pagumu, kisha huanza tena apitapo. Mama, akiwa chumba cha pili, aliusikia siku moja kabla ya kurejea Pangani.

"Leo waimba wewe," alisema.

Kijana hakumsikia, kwa maana alikuwa amefika mahali pagumu.