Tope la Kigwa

Babu aliwasili pwani kwa miguu. Alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi, mzaliwa wa Kigwa, mashariki ya Tabora, katika njia ile ile waliyoipita Burton na Speke mwaka 1857. Pembe aliyoibeba begani aliitua Bagamoyo, akavuka hadi Unguja, asirudi tena. Wanawe aliwaachia neno moja: mtu asiililie Kigwa, kwani kila masika mvua huuchukua udongo wa kule na mito huuleta baharini. Anayekanyaga tope la pwani amekanyaga kwao.

Mjukuu alikua na neno hilo, na hata alipokuwa mwalimu wa jiografia hakulitilia shaka. Aliwafundisha wanafunzi kwamba bara haliishii ufukoni. Hujitandaza chini ya maji kama ukingo wa mkeka, kisha ndipo likatumbukia kilindini. Unguja na Mafia zimekaa juu ya ukingo huo. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina kirefu. Pangani, Wami, Ruvu na Rufiji ndiyo mito inayoulisha. Mchanga, kwa kuwa mzito, hutua kwanza mdomoni pa mto. Tope laini huelea mbali zaidi, mpaka chumvi izishikanishe chembe zake, zizidi uzito na kuzama. Kisha mawimbi na mikondo huligawa. Juu ya tope hilo husimama mikoko ya delta ya Rufiji, na katika mizizi yake hukulia kamba na samaki wachanga.

Alipostaafu, alipanda treni hadi Tabora, akafika Kigwa mwezi wa Januari. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, na mfereji wa kando ya njia ulikwenda mwekundu. Akamwuliza mwenyeji wake maji yale yanaelekea wapi.

"Machweo, mzee wangu," akajibiwa. "Yanakwenda Malagarasi."

Mwalimu akanyamaza. Ramani aliijua, ila hakuwahi kuiuliza swali lile. Malagarasi haielekei Bahari ya Hindi. Hupita katika mabwawa na matete mapana, ambako sehemu ya tope hubaki, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 hivi, na chini yake yamelala mashapo ya mamilioni ya miaka, unene wa kilomita kadhaa. Maji yake hutoka kwa mto Lukuga kuelekea Kongo na Atlantiki, lakini tope lililokwisha kuzama halitoki. Udongo wa Kigwa haukufika pwani hata siku moja.

Usiku ule hakulala. Neno lililowafariji watu vizazi viwili lilikuwa kosa. Tena akakumbuka kwamba hata Rufiji sasa imezuiwa: bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mashapo yanayotoka nyanda za juu hutulia humo kabla ya kuifikia mikoko. Kumbe hata mto uelekeao baharini hauna ahadi ya kufikisha.

Kulipopambazuka, alikwenda kusimama kwenye njia ya zamani, akatazama mashariki. Mvua ilikwenda machweo. Watu walikwenda macheo, maelfu kwa maelfu, miaka nenda miaka rudi, wakiwa na mizigo begani na vumbi la Unyamwezi miguuni. Wengi walirejea makwao. Wengine walibaki, wakaoa, wakazikwa pwani.

Aliporudi Unguja aliwakusanya wajukuu, akawaambia ukweli wote, wa ziwa na wa bwawa. Mmoja akauliza, "Basi, babu, hakuna cha Kigwa hapa?"

Hakumjibu. Masika yalipoanza aliwachukua hadi makaburini. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya kaburi la mpagazi, na maji yakishuka taratibu, yenye udongo, kuelekea ufukoni.