Mtungi Usiokazwa Kizibo

Wewe mwanangu siku hizi unampigia simu mhimilishaji wa ng'ombe, anafika kwa pikipiki na mtungi wake. Miaka ya sabini, Mzee Kenyatta angali hai, tulipita Kiambu na gari la serikali kwa saa maalumu, na wakulima walitungojea kando ya barabara, ng'ombe aliye kwenye joto amekwisha fungwa baina ya miti tangu alfajiri. Ada ilikuwa shilingi moja. Shilingi moja, kwa mbegu ya dume la Friesian kutoka Kabete! Akina mama waliifundika kwenye pindo la leso, wakaifundua polepole huku wakinitazama usoni kama wanaomkabidhi mtu akiba ya nyumba. Asubuhi zile zilinuka samadi mbichi, dawa ya kupe na moshi wa mikalitusi. Kilichotaka hadhari kuliko vyote hakikuwa na harufu hata kidogo.

Mbegu ile tuliihifadhi ndani ya naitrojeni kimiminika, nayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sufuri, kwa hiyo hata ikitulia mtungini mwake inachemka usiku na mchana. Ikimwagika sakafuni, matone yake hukimbia kama shanga zilizokatika uzi, yakielea juu ya mvuke wake yenyewe. Ule ukungu mweupe uuonao ni unyevu wa hewa ulioganda. Lita moja huzaa takriban lita 700 za gesi, na gesi hiyo lazima ipate njia. Kijana mmoja wa stoo, mpole, mwenye macho ya huruma, aliona uchungu mali ya serikali ikipotea hewani, akakikaza kizibo cha mtungi kwa waya. Mzee wa stoo alikiona mapema, akakifungua bila kusema neno, kisha akatuita sote na kutueleza jinsi chombo kama kile kinavyoweza kupasuka. Sauti yake ilikuwa ya chini, na uso wake ulikuwa umesawijika.

Ni yeye aliyetukataza kulala garini na mtungi, au kuuweka kwenye chumba kisicho na madirisha. Gesi ile ikiwa baridi hutambaa chini na kuisukuma oksijeni, na mwili haukupi onyo, kwa maana pumzi hubana kaboni dioksaidi inapozidi, wala haijui oksijeni inapopungua. Mtu huanguka tu. Anayekimbilia kumwinua huanguka juu yake.

Mtungi wenyewe una kuta mbili na ombwe katikati, ufundi wa James Dewar wa mwaka 1892. Ukigongwa, ombwe likaharibika, nje hutoka jasho na barafu, na naitrojeni huisha upesi. Kina tulikipima kwa kijiti cha mbao: ukikichomoa, barafu nyeupe inakuonyesha ilipofika. Nalisisitiza hili kwa sababu mbegu iliyopata joto haibadiliki sura. Mama analipa, anashukuru, anakwenda zake, na baada ya siku 21 ng'ombe anarudi kwenye joto. Maziwa ya msimu mzima yanacheleweshwa na mtungi ulioachwa ukauke.

Leo hiyo huduma ni maelfu ya shilingi. Kabla hujalipa, mwambie mhimilishaji achovye kijiti mbele yako, ukione kimetoka na barafu.